Herufi Hupita Mara Moja

Mutheu, mwaitu, mwanangu,

Uko kwa msusi huko Kawangware na umesema hutarudi kabla ya saa moja, kwa hiyo nina jioni hii na meza nzima peke yangu. Baba yako yuko sebuleni anapima begi lako kwa mara ya nne, kwa ile mizani aliyoazima kwa jirani wa ghorofa ya tatu. Mambo ya sweta, dawa, namba za kupiga ukikwama na kanisa la kutafuta huko Ujerumani, shangazi yako aliyasema yote jana, kisha akayarudia. Mimi sitayagusa.

Nakuandikia kwa sababu ya lile swali lako. Wiki jana ulirudi kutoka kule ulikokuwa ukifanya mazoezi ya kazi, ukasimama mlangoni umeshika viatu mkononi. Programu yako ilikuwa imeganda mbele ya watu wote. Ulilia kidogo, ukajipangusa, kisha ukaniuliza, "Mum, wewe umewahi kuangusha kitu mbele ya watu?"

Nilikuwa nakata sukuma wiki. Nikakujibu bila kugeuka, "Hapana. Mimi huwa nakagua mara mbili."

Ukasema "Sawa," ukaenda chumbani.

Nilikudanganya. Niliwahi kuangusha kitu kikubwa kuliko programu yako, na nilichofanya baada ya hapo kilikuwa kibaya zaidi. Ulikuwepo kwa sehemu ya hayo mambo, ingawa najua hukumbuki. Nataka uende ukijua.

Ulikuwa na miaka sita, darasa la kwanza. Mimi nilikuwa na mwaka mmoja tu katika kampuni ya mtandao iliyokuwa na ofisi ghorofa ya saba mjini. Mwisho wa ukumbi kulikuwa na chumba cha baridi ambacho kila mtu aliingia amevaa jaketi, hata mwezi wa Januari, na ndani yake kulikuwa na maboksi mawili meusi yaliyofungwa kwenye fremu ya chuma. Kila kitu ambacho wateja wetu walituma au kupokea kilipita ndani ya maboksi hayo. Tulikuwa na shule, maduka, mawakili, na hospitali moja yenye matawi mawili.

Kazi ya maboksi ilikuwa kusoma. Ujumbe wowote ukitumwa hukatwa vipande vidogo, kila kipande husafiri peke yake, na boksi hupitia kila herufi ya kila kipande likiangalia kama kuna mfuatano wa herufi unaofanana na alama za virusi na za wezi tunaowafahamu. Alama zenyewe zilikuwa maelfu. Na yote hayo yalitendeka bila mtumaji kuhisi kwamba kuna mtu amemsimamisha njiani. Siku hizi mengi hupita yakiwa yamefungwa kwa siri na maboksi hayaoni ndani, lakini wakati ule mengi yalipita wazi.

Siku yangu ya kwanza niliuliza kama boksi huusoma ujumbe upya kwa kila alama, yaani mara elfu kwa alama elfu.

"Ungefanya hivyo," mtu mmoja akanijibu kutoka nyuma ya fremu, "ujumbe wa leo ungefika Krismasi."

Huyo alikuwa Mzee Ndirangu. Alikuwa mkubwa wetu sote kwa umri. Alianza kazi ujanani akiwa fundi wa simu za waya, na hakuwa na digrii. Pale ofisini alibadilisha feni, alivuta kebo, alipanga nyaya kwa rangi mpaka nyuma ya zile fremu pakapendeza kama kiondo kilichosukwa vizuri. Vijana wa ofisi walimpenda, walimtania, na hawakumuuliza kitu chochote cha maana. Mimi pia sikumuuliza. Alinipa lile jibu la Krismasi, nikacheka, nikaenda zangu kwenye skrini bila kumwuliza sasa boksi hufanyaje.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, meneja alinitumia maelezo ya kirusi kipya, akataka alama yake iingizwe upesi. Niliandika kanuni ya kukitafuta. Kanuni ilisema hivi, kwa maneno ya kawaida: tafuta kundi la nafasi tupu, nafasi moja au nyingi, na makundi yenyewe yawe moja au mengi, kisha mwishoni kuwe na alama fulani. Ilipaswa ijaribiwe kwanza kwenye boksi la majaribio. Nilikuwa na haraka, na nilijiona hodari. Nikaiweka moja kwa moja kwenye yale maboksi mawili.

Kwa muda hakukutokea kitu. Nikaenda kujimiminia chai. Niliporudi simu zote za ofisi zilikuwa zikilia, kisha zikaanza kunyamaza moja baada ya nyingine, kwa sababu nazo zilipitia mtandao uleule. Kile kimya kilinitisha kuliko mlio. Wateja wote walikuwa wamekatika.

Wakati huohuo Mzee Ndirangu akatoka chumba cha baridi ameshika bisibisi. Asubuhi hiyo alikuwa akibadilisha feni moja. Meneja akamwona.

"Mzee, umegusa nini?"

"Feni."

"Feni gani? Umechomoa nini huko ndani?"

"Sijachomoa kitu. Nimefunga feni, basi."

"Mzee, kazi ya siku hizi si ya kupanda nguzo. Kama umechoka, si useme tu?"

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwao, kikombe mkononi. Kanuni yangu ilikuwa bado wazi kwenye skrini. Nikaketi, nikaifuta, nikayawasha maboksi upya. Mtandao ukarudi. Watu wakapiga makofi, Mutheu. Walinipigia makofi mimi.

Mzee Ndirangu hakupiga. Alinitazama kidogo, akarudisha bisibisi mfukoni, akaenda kunawa mikono. Ijumaa akapewa barua ya kukaa nyumbani mpaka uchunguzi uishe, na kila mtu alijua kwamba hakuna uchunguzi wowote uliokuwa ukifanywa.

Nilinyamaza wiki tatu. Nimekaa hapa nikitafuta sababu nzuri ya kukupa na sina. Niliogopa, ni hivyo tu. Nilikuwa mwanamke peke yangu katika kitengo kile, nilikuwa mgeni, na nilijiambia kwamba Mzee alikuwa karibu kustaafu hata hivyo. Maneno kama hayo huja yenyewe bila kuitwa. Zile wiki nilikuwa mama mbaya. Asubuhi moja maziwa yalimwagika jikoni, nikakugombeza mpaka ukaenda shule na macho mekundu, na mimi ndiye niliyeyamwaga. Nilikuona ukinitazama vilevile alivyonitazama Mzee, na bado sikusema kitu.

Mambo mawili ndiyo yaliyonitoa pale. La kwanza, meneja aliniita akanikabidhi funguo za chumba cha baridi zilizokuwa za Mzee, zikiwa na kizibo cha soda alichokitoboa mwenyewe akakifunga kama alama. La pili, nilipewa kazi ya kujibu malalamiko ya wateja, na katikati ya hayo malalamiko kulikuwa na barua ya muuguzi wa ile hospitali. Aliandika kwamba siku ile walikuwa na mama aliyejifungua na akawa anavuja damu sana. Ombi la damu hutumwa kwa kompyuta kwenda tawi la pili. Kompyuta ikakataa, simu ikakataa. Akaandika ombi kwa mkono, akaliweka ndani ya soksi, chini ya buti, lisilowe kwa mvua, akapanda pikipiki. Alifika. Yule mama alipona. Muuguzi hakutukana mtu. Mwishoni aliuliza tu, kwa adabu kabisa, ni nini hasa kilitokea.

Niliisoma mara nyingi ile sentensi ya mwisho. Jambo lililonitia aibu ni kwamba mbali na kunyamaza, sikujua hata jibu lenyewe. Sikujua kwa nini kanuni yangu iliua mtandao.

Jumamosi iliyofuata dada wa nyumbani alikuwa na siku yake ya mapumziko, baba yako alikuwa safarini, kwa hiyo nilikuchukua tukaenda wote mtaa wa Woodley, alikokuwa akiishi Mzee Ndirangu. Tulimkuta nje akipunguza ua wa miiba wa kaiyaba. Alituona. Hakuacha kukata.

"Hujambo, Mzee."

"Sijambo, Mama Mutheu."

"Mzee, siku ile mtandao ulipoanguka, ilikuwa kanuni yangu."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilijua kabla chai yako haijapoa. Feni moja haiwezi kusimamisha maboksi mawili kwa pamoja. Na wewe ulifuta kitu kabla ya kuyawasha. Niliona mkono wako."

"Kwa nini hukusema?"

Hapo ndipo alipoweka mkasi chini. "Nilitaka kuona utachukua siku ngapi. Zilipofika kumi nikachoka kuhesabu."

Nilibaki nimesimama nje ya lango. Hakunikaribisha. Sijui tungesimama mpaka lini, ila wewe ulimwita babu kwa lugha yake, kwa sauti kubwa kama kawaida yako, "Guka, naomba maji."

Akalifungua lango. "Mtoto aingie," akasema. Kisha akanigeukia, "Na wewe ingia. Utafanya nini huko nje?"

Ulikunywa maji vikombe viwili. Mimi niliketi kwenye kibaraza nikitaka kuomba msamaha vizuri, kwa maneno niliyokuwa nimeyapanga njiani, lakini alinikatiza.

"Hilo utalisema Jumatatu, na utamwambia anayepaswa kuambiwa. Mimi nataka kujua kitu kingine. Unajua kwa nini ilikwama?"

"Nadhani mzigo ulikuwa mwingi, Mzee. Watu walikuwa wengi kwenye mtandao."

Akacheka, kicheko kifupi cha puani. Akaingia ndani akarudi na bakuli la maharagwe mabichi ambayo hayajachaguliwa. Akaweka punje tatu mezani, zimepangwa mstari.

"Hizi ndizo nafasi tupu. Kanuni yako inasema nafasi zigawanywe makundi. Zigawe kwa njia zote unazoweza, lakini usizibadilishe mpangilio."

Nikazigawa. Zote pamoja, njia ya kwanza. Moja halafu mbili. Mbili halafu moja. Kila moja peke yake. Njia nne. Akaongeza punje moja. Nikahesabu tena, nikapata nane. Akaongeza nyingine, nikapata kumi na sita, na hapo vidole vyangu vikasimama.

"Kila punje ukiongeza, njia zinakuwa mara mbili," akasema. "Boksi likiona mstari wa nafasi tupu, linagawa, linaangalia kama ile alama yako iko mwishoni. Haiko. Linarudi nyuma, linagawa vingine, linaangalia tena. Haiko. Linarudi tena. Sasa fikiria mtu ametuma fomu. Ile sehemu ya kuweka sahihi, unajua inavyokuwa. Mstari mzima mtupu, nafasi arobaini."

Nilianza kuzidisha kichwani, mbili mara mbili mara mbili, na kabla sijafika mara ya ishirini hesabu ikanishinda. Hakukuwa na mashambulizi yoyote. Hakukuwa na mzigo. Mtu mmoja mahali fulani jijini alituma fomu ambayo bado haijajazwa, na ile sehemu tupu, isiyo na hata herufi moja, ikatosha kusimamisha hospitali. Mpaka leo sijawahi kuona utupu wenye nguvu kama ule.

"Kwa hiyo boksi lisirudi nyuma," nikasema.

"Kabisa. Herufi ikipita imepita."

"Lakini Mzee, alama ni maelfu. Lisiporudi nyuma litazitafutaje zote?"

Akaniangalia kama mtu aliyekuwa akilisubiri swali hilo mwaka mzima, na nadhani alikuwa akilisubiri kweli. Akachukua kipande cha mkaa jikoni, akakuita. "Wewe msichana, unajua kuruka?"

Ulisema unajua kuruka kuliko watu wote wa darasa lenu.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na uwanja mdogo wa saruji. Akachora duara moja kubwa la kuanzia, na kutoka hapo njia tatu za maduara madogo, kila duara na herufi yake. Njia ya kwanza ilisomeka MKATE. Ya pili KATI. Ya tatu TIBA. Akakupa maelekezo. Ukisikia herufi, rukia duara lenye herufi hiyo mbele yako. Kisha akachora mishale ya pembeni michache kati ya njia moja na nyingine, akakwambia, "Ukikosa herufi mbele yako, fuata mshale, ndipo uangalie tena. Usirudi mwanzo kama kuna mshale."

Mimi nikapewa kazi ya kusoma. Alinipa herufi zisizo na maana yoyote, M, K, A, T, I, B, A, akaniambia nizisome polepole na nisirudie hata moja.

"M," nikasema. Ukaruka.

"K." "A." "T." Ulikuwa umesimama kwenye T ya MKATE, umebakiza herufi moja tu kufika.

"I," nikasema.

Ukatazama mbele. Mbele kulikuwa na E. Nakumbuka uso wako ukinyong'onyea, kwa sababu ulidhani umeshindwa na utarudishwa mwanzo. Nami pia nilidhani hivyo. Kisha ukaona mshale. Ukaruka pembeni, ukatua kwenye T nyingine, ile ya KATI, na hapo mbele yako ilikuwa I ikikungojea. Ukaikanyaga kwa miguu yote miwili, ukapiga kelele, "Kati!"

Nilisahau kusoma. Mzee akanigusa kwa mkaa. "Endelea."

"B."

KATI ilikuwa imeisha, hakukuwa na njia mbele. Ukafuata mshale, ukatua kwenye I ya TIBA, na B ilikuwa hapohapo. Nikasema "A," ukaruka, ukapiga kelele tena, "Tiba!"

Herufi saba, Mutheu. Nilizisoma mara moja tu. Ulitafuta maneno matatu kwa wakati mmoja, ukayapata mawili, na hukuniomba nirudie hata herufi moja. Lile neno la kwanza ulipolikosa, K, A na T ulizokuwa umeshazikanyaga hazikupotea. Zilikuwa mwanzo wa neno jingine wakati wote, tangu ulipozikanyaga, na hakuna kati yetu aliyekuwa ameliona hilo. Angechora maneno elfu moja pale, ungeruka vilevile.

Nililia, na sikujua nalilia nini. Nadhani ni kwamba kwa mwaka mzima nilikuwa nimeketi mita kumi kutoka kwenye kitu kizuri namna hii na nikadhani kazi yangu ni kubonyeza vitufe. Nilimwuliza Mzee alijifunza wapi.

"Kwenye simu za zamani," akasema. "Ulikuwa ukizungusha namba, huko kituoni mkono wa chuma unapanda hatua. Namba ya pili, hatua nyingine. Mashine haikujua namba yako yote. Ilijua tu mkono umesimama wapi. Nilipoletewa vitabu vya haya maboksi nikasoma, nikasema, kumbe ni mkono uleule."

"Na hukumwambia mtu ofisini?"

"Nani aliniuliza?"

Ulikataa kuondoka. Uliruka mpaka soksi zako nyeupe zikawa nyeusi tii, na mwishowe ulikuwa ukijisomea herufi mwenyewe.

Jumatatu nilikwenda kwa meneja kabla hajavua koti. Nilimweleza yote, kanuni, kufuta, makofi. Akaniuliza kama ninajua anaweza kunifuta kazi siku hiyohiyo. Nikasema ninajua. Hakunifuta. Aliniondoa kwenye kitengo kwa mwaka mmoja na kunipa barua ya onyo ambayo bado ninayo, iko pamoja na cheti chako cha kuzaliwa. Alipowaambia wenzangu nilikuwa nimesimama mbele yao. Siku hiyo nilikula chakula cha mchana peke yangu, na nyingi zilizofuata, na nakuambia ukweli, hazikuwa rahisi, lakini usingizi ulirudi.

Nilimwandikia pia yule muuguzi. Nilimjibu swali lake lote, pamoja na nafasi arobaini, pamoja na jina langu.

Mzee Ndirangu aliitwa arudi, akarudi. Meneja alimwomba radhi mbele ya watu. Mzee akasema, "Sikurudi kwa ajili yenu. Nimerudi kwa sababu mtaandika kanuni nyingine kama ile." Nilimrudishia funguo zake, akazipokea bila kunitazama. Kosa la kanuni alilisahau siku ileile ya mkaa, nina hakika. Lile la kunyamaza hajawahi kusema kwamba amelisamehe, na mimi sijawahi kumwuliza. Nimejifunza kuishi hivyo. Kuna watu hukupa kazi ya kufanya nao badala ya kukupa hilo neno.

Na kazi alinipa. Baada ya mwaka wangu wa adhabu kuisha tulipitia kanuni zote, moja baada ya nyingine, yeye na mimi, tukiziandika upya ili hata moja isirudi nyuma. Alichora kwenye karatasi za kalenda za zamani, upande wa nyuma, maduara na mishale, karatasi nyingi mpaka zikafunika sakafu. Kisha tukaziingiza kanuni hizo mpya kwenye yale maboksi mawili. Na alasiri moja, mjini kukiwa na mvua kubwa na watu wote wakiwa madirishani wakitazama barabara ikijaa maji, taa ndogo ikawaka kwenye skrini yangu.

Boksi lilikuwa limekamata kirusi. Tulikuwa tunavikamata kila siku, lakini hiki nilikifungua nikakitazama, kisha nikamwita Mzee. Aliyekituma alikuwa mjanja. Alikuwa amekata alama katikati, nusu ya kwanza ikaja mwisho wa kipande kimoja, nusu ya pili mwanzo wa kipande kingine, na kati ya hivyo viwili vilikuwa vimepita vipande vya watu wengine wengi, barua za watu, picha, alama za mitihani. Ukikitazama kila kipande peke yake hakikuwa na ubaya wowote.

"Limekumbuka," nikasema. "Limekumbuka herufi zote hizo."

"Halikukumbuka hata herufi moja," akasema Mzee. Alikuwa ameinama mpaka miwani karibu iguse skrini. "Limekumbuka limesimama duara gani. Kwa kila anayepita, limeweka alama moja ndogo, huyu nilimwacha hapa. Akirudi, linaanzia hapo."

Kwa kila anayepita. Nilijaribu kuwafikiria wote waliokuwa wakipita dakika ile, kutoka Loresho mpaka huku mjini, kila mmoja akidhani yuko peke yake na ujumbe wake, na lile boksi baridi likiwashikilia wote mahali walipofika, bila kumchanganya hata mmoja na mwenzake. Sikuweza. Akili yangu ilifika mahali ikasimama. Tulikaa pale mpaka mvua ikakatika, na watu wakarudi kwenye viti vyao wakituuliza kuna nini.

Ndiyo maana sikushangaa uliposema unataka kwenda kusomea jambo hili hili, kuchonga vidubwasha vya ndani ya kompyuta vinavyosoma haraka kuliko maboksi yetu mara nyingi. Ulidhani nimenyamaza kwa sababu sijafurahi. Nilikuwa nimeshindwa kusema.

Huko utaangusha vitu. Sijui kama kuna namna ya kukuzuia, na sidhani kama ningekuzuia. Vitu vinainuka. Mimi nilichukua dakika moja kuinua mtandao na wiki tatu kufungua mdomo, na nikikumbuka hiyo miaka, dakika ile hainiumi hata kidogo.

Sasa kuna jambo moja la kesho ambalo shangazi yako halijui. Tutaondoka hapa saa kumi na mbili asubuhi, na kabla ya kushika njia ya uwanja wa ndege baba yako atapinda kuingia Woodley. Usianze kutuambia tunachelewa. Mzee Ndirangu ni mzee sana sasa, magoti yamekataa na macho hayaoni vizuri. Juzi nilimpigia simu kumwambia unakoenda na unachoenda kusoma. Akaniomba nirudie polepole. Kisha akasema, "Mlete nimwone."

Atakuwa amekaa kwenye kiti kibarazani. Shuka peke yako, umsalimie. Atakuuliza mashine za siku hizi zinafanyaje, na atataka kujua kila kitu. Usimrahisishie. Keti chini karibu naye umweleze polepole, mpaka aseme ameelewa. Sisi tutakungoja kwenye gari, hata kama ndege itakuacha.

Mama yako